Seva ya Saa Inapobaki Peke Yake

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa fundi kijana wa ofisi moja ya pwani ambayo nilikuwa naisaidia kazi za mtandao.

"Shikamoo, kaka. Seva ya saa imeamka inasema ni mwaka 1970. Inataka niiandikie tarehe na saa kwa mkono. Hapo kwako ni saa ngapi kamili?"

"Marahaba. Saa mbili kasoro tano. Andika sifuri saba, hamsini na tano."

Akaandika, akabonyeza, akanishukuru. Nilichosahau kumwambia, na ambacho skrini ilikuwa imekionyesha kwa herufi ndogo pembeni, ni kwamba kisanduku kile kilitaka saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tarakimu sahihi zilikuwa 04:55. Kwa kubonyeza mara moja tuliirusha ofisi nzima hadi saa tano kasoro dakika tano, wakati wafanyakazi walikuwa bado kwenye daladala.

Kilichofuata kilinifundisha kwamba mashine hazipotei njia kwa namna moja. Kompyuta za Windows zilifuata saa mpya bila kuuliza. Seva mbili za Linux zilizokuwa zikitumia programu ya ntpd ziliona tofauti inazidi sekunde 1,000, kikomo ambacho programu hiyo imewekewa tangu kiwandani, nayo ikajizima yenyewe. Seva hizo zikabaki na saa yao ya awali, ambayo ndiyo ilikuwa sahihi. Seva ya tatu ilikuwa na programu nyingine ya saa, chrony. Hiyo ikaanza kusogea polepole kuelekea kwenye uongo, kwa mwendo ambao ungeichukua saa 36 kufika. Ilipotimu saa mbili na robo hakuna aliyeweza kuingia kwenye mfumo wa kazi, kwa kuwa Kerberos, utaratibu unaothibitisha watumiaji, kwa kawaida hauvumilii tofauti ya zaidi ya dakika tano kati ya mashine na mashine.

Kosa la kuandika lilikuwa letu wawili, zaidi langu. Lakini nilipokaa kulifuatilia nilikuta lilikuwa pete ya mwisho tu ya mnyororo. Seva ile ilikuwa na antena ya GPS juu ya paa. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula kiungio cha waya wake, na kumbukumbu za seva yenyewe zilionyesha kwamba haikuwa imesikia setelaiti hata moja kwa miezi zaidi ya minne. Hakuna aliyejua, kwa sababu chanzo cha akiba, yaani seva nne za saa kwenye intaneti, kilikuwa kinaibeba kazi kimyakimya. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtoa huduma wetu akawa gizani. Akiba nayo ikaondoka. Usiku fundi wa zamu akaona taa nyekundu, akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: akazima, akawasha. Betri ndogo inayotunza tarehe ndani ya seva ilikuwa imekufa zamani. Ndipo 1970.

Tunasema akiba haiozi. Akiba ya saa huoza, na huozea mahali pasipoonekana: kwenye kiungio cha waya, kwenye betri ya ukubwa wa shilingi, kwenye faili la usanidi lililoandikwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi.

Miongozo mingi ya kusanidi seva za saa hushughulika na swali moja: chanzo kikuu kikipotea, saa ichukuliwe wapi? Ni swali la lazima. Lina ndugu yake, hata hivyo, ambaye husahaulika: seva ikishahamia kwenye akiba, itawaambia nini wale wanaoiuliza saa? Seva iliyopoteza setelaiti bado ina manufaa makubwa, mradi ikiri kwamba sasa inakisia, na ikiri kwa kiasi gani. Madhara makubwa niliyoyaona kazini yametoka kwa seva zilizoendelea kujitangaza kuwa na uhakika wakati hazina.

Itifaki yenyewe ya kuulizana saa mtandaoni, NTP, iliundwa kwa ajili ya kukiri huko. David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliyefariki Januari 2024, ndiye aliyeiandika NTP, na hati yake ya kwanza ya viwango ilitoka mwaka 1985. Kila jibu la seva ya NTP hubeba, pamoja na saa, taarifa za ukweli wa saa hiyo. Ya kwanza ni ngazi, ambayo mafundi huiita stratamu. Saa ya atomiki au setelaiti ni ngazi 0. Seva iliyounganishwa nayo moja kwa moja ni ngazi 1. Inayoiuliza hiyo ni ngazi 2. Na kuendelea hadi 15. Ngazi 16 maana yake ni "sina saa, msinifuate". Taarifa ya pili haionekani sana, nayo kwangu ndiyo yenye thamani zaidi: makadirio ya kosa. Seva inayoheshimu itifaki huyaongeza makadirio hayo kwa mikrosekunde 15 kila sekunde inayopita bila kusikia chanzo chake. Piga hesabu: kwa siku nzima ni karibu sekunde 1.3. Ntpd ya upande wa pili hukataa seva ambayo umbali wake wa kosa umepita sekunde 1.5, kwa hiyo baada ya siku moja na ushei seva iliyoachwa peke yake huacha kuaminiwa. Hilo si hitilafu. Ndivyo mfumo ulivyokusudiwa ufanye, na sehemu kubwa ya usanidi wa akiba ni kuamua lini tuuache ufanye hivyo na lini tuuzuie.

Kuna mafundisho mawili ya kupanga akiba, na nimekutana na mafundi wazuri wasiojua kwamba yanapingana. La kwanza ni foleni: GPS kwanza, ikinyamaza njoo kwa seva za mtandao, zikinyamaza njoo kwa saa ya ndani, mwisho mkono wa mtu. Vifaa vingi vinavyouzwa kama seva za saa hupangwa hivi, kwa orodha ya vipaumbele. La pili ni baraza: vyanzo vyote husikilizwa kwa pamoja, wale wanaokubaliana hushinda, na anayetofautiana na wenzake hutengwa. NTP yenyewe ni ya baraza.

Udhaifu wa foleni ni kwamba humwondoa aliyenyamaza lakini humwacha anayesema uongo. Na vyanzo vikubwa vimewahi kusema uongo. Tarehe 19 Novemba 2012 seva mbili za Kituo cha Uangalizi wa Nyota cha Jeshi la Majini la Marekani, tick na tock, zilizokuwa zikitegemewa na wengi duniani, zilitangaza kwa muda kwamba ulikuwa mwaka 2000. Kampuni zilizokuwa zimeziweka hizo mbili peke yake ziliona mifumo yao ya kuingilia ikifunga milango, na mitambo ya simu ikiyumba. Setelaiti nazo zina mlango wao: ishara ya kawaida ya GPS huhesabu wiki kwa tarakimu zinazojaa baada ya wiki 1,024, kisha huanza sifuri. Ilitokea Agosti 1999, ikatokea tena tarehe 6 Aprili 2019, na itatokea Novemba 2038. Kipokezi chenye programu iliyozeeka hurudi nyuma karibu miaka 20 huku taa yake ikiwaka kijani na setelaiti zote zikisikika. Oktoba 2021 kasoro ya hesabu katika matoleo fulani ya gpsd, programu inayosoma vipokezi vya GPS kwenye Linux, ingeirudisha mashine hadi Machi 2002 kama haikusahihishwa mapema. Katika foleni, chanzo cha namna hii kinabaki namba moja.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa baraza, hata pale kifaa kilipokuja na foleni. Idadi ina maana hapa. Chanzo kimoja hakina wa kukipinga. Viwili vikitofautiana hakuna wa kuamua, na ndiyo maana viwili ni hatari kuliko vinavyoonekana. Vitatu vinaweza kumshinda mwongo mmoja. Vinne vinaweza kumshinda mwongo mmoja hata siku ambayo mwingine hayupo. Ndiyo sababu hati ya mwongozo wa NTP iliyotolewa mwaka 2019 inapendekeza vinne. Mabaharia walilijua jambo hili kabla ya umeme: meli ya Beagle ilipoanza safari yake mwaka 1831 ilibeba saa za baharini 22, kwa kuwa longitudo ya pwani zote walizokwenda kupima ilitegemea kujua saa ipi kati ya hizo imeanza kupotoka.

Ila vinne lazima viwe vinne kweli. Seva nne za mtandao ambazo zote hunywa kwenye GPS ni chanzo kimoja chenye majina manne. Tarehe 26 Januari 2016, setelaiti moja kongwe ya GPS ilipokuwa inastaafishwa, taarifa yenye kosa la mikrosekunde 13 na ushei ilipakiwa kwenye setelaiti kadhaa. Kwa kompyuta ya ofisi hilo ni kama halipo. Kwa minara ya simu na mitambo ya utangazaji ilikuwa kengele zikilia kwa saa nyingi katika nchi mbalimbali. Waliokuwa na GPS kama chanzo kikuu na GPS nyingine kama akiba hawakuwa na akiba. Siku hizi vipokezi husoma pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, na kuviwasha vyote ni jambo la busara, kwa kuwa kila mfumo umewahi kuwa na siku yake mbaya: GLONASS ilitoa taarifa za makosa kwa saa nyingi Aprili 2014, na Galileo ilizimika kwa siku kadhaa Julai 2019. Lakini setelaiti hizo zote hufika kupitia antena ileile na waya uleule. Chumvi ya Bahari ya Hindi haichagui mfumo.

Kwetu kuna swali la ziada ambalo mwongozo ulioandikwa Ujerumani au Marekani hauliulizi: hizo seva za akiba ziko upande gani wa bahari? Tulikuwa na nne, zote Ulaya, na njia yetu ya kuzifikia ilikuwa moja. Tangu siku ile sheria yangu ni kwamba angalau mbili kati ya nne ziwe zinafikika bila kuvuka bahari, kupitia vituo vya kubadilishana trafiki kama TIX ya Tanzania au KIXP ya Nairobi, au ziwe za taasisi jirani tuliyokubaliana nayo. Vyuo vikuu viwili vyenye antena mbili katika miji miwili vinaweza kuwekeana akiba kwa gharama ya barua pepe moja. Ninashangaa jinsi jambo hili linavyofanyika mara chache.

Kebo ikikatika, kinachobaki nacho kinaweza kupotosha. NTP huchukulia kwamba ujumbe hutumia muda uleule kwenda na kurudi. Trafiki ikigeuziwa njia, ujumbe unaweza kwenda kwa njia fupi na kurudi kwa njia ndefu, na nusu ya tofauti hiyo huingia kwenye saa kama kosa. Njia ya kurudi ikiongezeka milisekunde 200, saa yako hupotoka milisekunde 100, na seva ya mbali haijasema uongo wowote. Kwa ofisi si kitu. Kwa anayepima umeme au biashara ya hisa ni kubwa mno, naye hapaswi kuweka intaneti kama akiba ya kwanza.

Tahadhari nyingine ni fupi: usichanganye seva za Google na nyingine. Sekunde ya nyongeza inapotangazwa, seva hizo huisambaza kidogo kidogo kwa saa 24 badala ya kuiingiza kwa mkupuo, na kwa siku hiyo hutofautiana na wengine hadi nusu sekunde. Sekunde ya mwisho ya namna hiyo iliingizwa kwetu tarehe 1 Januari 2017, muda mfupi kabla ya saa tisa kamili usiku, na mkutano mkuu wa vipimo wa mwaka 2022 uliamua utaratibu huo ukomeshwe ifikapo 2035. Hatari inapungua, haijaisha.

Tuje kwenye kipindi ambacho ndicho kiini cha jambo: vyanzo vyote vya nje vimeondoka, na seva inaishi kwa kumbukumbu. Mafundi hukiita holdava. Seva imekuwa ikijifunza kwa wiki nyingi jinsi fuwele yake inavyokimbia au kuchelewa, na sasa inaendelea kulisahihisha kosa hilo bila mwalimu. Itadumu kwa muda gani? Inategemea umenunua nini. Fuwele ya kompyuta ya kawaida hukosea sehemu kadhaa, hata makumi kadhaa, kwa kila milioni. Sehemu moja kwa milioni ni milisekunde 86.4 kwa siku. Sehemu kumi ni karibu sekunde moja. Fuwele iliyofungiwa ndani ya kijitanuri chenye joto lisilobadilika ni bora maradufu nyingi, na saa ya rubidi ni bora zaidi, kwa bei inayolingana na ubora wake.

Joto ndilo adui. Fuwele hubadilisha mwendo wake joto linapobadilika, na somo ambalo seva ilijifunza lilikuwa la chumba chenye kiyoyozi. Sasa fikiria siku umeme unapokatika: jenereta ndogo inabeba seva, haibebi kiyoyozi, intaneti imekufa kwa sababu mnara wa mtoa huduma nao hauna umeme, chumba kinapanda kutoka nyuzi 22 hadi 35. Seva imeingia holdava saa ileile ambayo somo lake limekuwa batili. Anayeandika kwenye usanidi "iaminiwe kwa siku saba" kwa sababu karatasi ya mtengenezaji imesema siku saba, na aingie kwenye chumba hicho mchana wa Februari kiyoyozi kikiwa kimezimwa, apime mwenyewe. Mimi huweka saa 24 kwa vifaa vya kawaida, kisha seva ianze kushuka ngazi.

Baada ya hapo kuna saa ya ndani. Kwenye ntpd ilikuwa mistari miwili, chanzo chenye anwani 127.127.1.0 na mwingine unaokipa ngazi 10, na kwa miaka mingi baadhi ya matoleo ya Linux yalikuja nayo tayari imewashwa. Kwenye chrony ni mstari mmoja, `local stratum 10`. Maana yake: ukikosa wote, jifanye chanzo mwenyewe, endelea kujibu. Hapa ndipo tunapouzuia ule utaratibu wa kukiri. Makadirio ya kosa hayakui tena. Seva inajiona haina kosa kwa sababu inajipima kwa yenyewe. Kinachobaki cha ukweli ni namba ya ngazi tu. Ndiyo maana namba hiyo si pambo. Kumi huacha nafasi: mtu yeyote mwenye chanzo halisi atakuwa na ngazi ya chini yake na atapewa nafasi ya mbele, na wateja wako wakisoma 11 watajua wako kwenye akiba ya mwisho. Nimeona mahali ambapo fundi aliweka 1, ili "wateja wasilalamike". Wateja hawakulalamika. Walimfuata hadi dakika nne mbali na dunia.

Kosa linalofanana na hilo ni kuwasha saa ya ndani kwenye kila mashine. Mstari ule ni wa seva moja inayoongoza wengine, basi. Ukiwa kwenye mashine 40, siku ya giza unapata viongozi 40. Mtandao wenye seva mbili au tatu za saa una njia safi zaidi, inayoitwa hali ya yatima: seva zilizopoteza vyanzo vyote husikilizana, mmoja tu huwa kiongozi, wengine humfuata. Wote wanaweza kukosea, lakini wanakosea pamoja, na kwa Kerberos, kwa hifadhidata zinazonakiliana, kwa kamera zinazorekodi mlango mmoja kutoka pande mbili, kukubaliana kwa sekunde ni muhimu kuliko kukubaliana na dunia.

Mkono wa mtu huja mwisho, na sikubaliani na wanaouona kama aibu. Kuna mitandao ambayo haipaswi kugusa intaneti kamwe: ya mitambo ya umeme, ya viwanda, ya meli. Kuna maabara za kompyuta za shule ambazo hazina antena wala kifurushi. Chrony iliandikwa tangu mwanzo kwa kufikiria mashine ambazo haziko mtandaoni muda wote, na ina kitu kizuri ambacho wachache hukitumia. Ukiweka neno `manual` kwenye usanidi wake, kisha kila mara ukaipa saa kwa amri ya `settime`, huilinganisha na zile ulizoipa awali na kukadiria mashine inakimbia au inachelewa kiasi gani. Mkono wa mtu hukosea kama nusu sekunde. Ukiandika mara mbili ndani ya saa moja, nusu sekunde hiyo inageuka kosa la zaidi ya sehemu 130 kwa milioni, na umeiharibu fuwele yenye afya. Ukiandika mara mbili kwa tofauti ya wiki, nusu sekunde ileile ni chini ya sehemu moja kwa milioni. Subira tu ndiyo iliyobadilika. Mwalimu wa shule anayeandika saa kila Ijumaa akitazama simu iliyosawazishwa na GPS anaweza kuwa na maabara isiyopotoka sekunde chache kwa muhula mzima.

Kinachoharibu saa ya mkono ni haraka na tafsiri. Sisi tunaotumia Kiswahili hubeba saa tatu kichwani. Saa mbili asubuhi kinywani ni 08:00 ukutani na 05:00 kwenye seva: mbili, nane, tano, kwa dakika ileile. Ya kwanza kwenda ya pili tunaifanya tangu utotoni bila kufikiri. Ya pili kwenda ya tatu hakuna aliyeifundishwa, na ndiyo iliyotuangusha. Tarehe ina mtego wake pia. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, tarehe ya UTC bado ni ya jana. Na mtu wa pwani anayehesabu siku tangu magharibi, ukimwambia "usiku wa Jumamosi", anaweza kuelewa ule ambao wewe unauita wa Ijumaa. Kwenye kazi hii hutajwa tarehe kwa tarakimu, saa kwa tarakimu nne, na neno UTC hutamkwa kwa sauti.

Utaratibu ninaoufuata sasa huanza kabla ya kuandika chochote: seva inatolewa kwanza kwenye mtandao, au huduma ya NTP inafungwa, ili kosa lisisambae kabla halijaonekana. Anaandika mmoja, anasoma mwingine. Ngazi inawekwa kumi au zaidi. Ndipo huduma inafunguliwa. Na nenosiri la kuandika saa halikai kwa kila aliye na funguo za chumba, kwa sababu anayeishika saa anaweza kufufua cheti kilichokwisha muda na kupanga upya kumbukumbu za nani alifanya nini lini.

Kurudi kwenye ukweli ni kugumu kuliko kuondoka. Asubuhi ile ya Mei tuliporudisha saa nyuma kwa saa tatu, hifadhidata ilikuwa na rekodi za saa tano ambayo ilikuwa bado haijafika, na ilipofika zikaja rekodi nyingine za saa ileile. Mhasibu alitumia siku mbili kuzipanga. Saa iliyotangulia kidogo husogezwa polepole: ntpd husahihisha kwa sehemu 500 kwa milioni, yaani sekunde moja huchukua zaidi ya nusu saa, na dakika moja huchukua karibu saa 33. Iliyotangulia sana hurudishwa kwa mkupuo, usiku, huduma zikiwa zimesimamishwa na watu wameambiwa. Kuiacha seva iamue peke yake dakika antena inapofufuka ni kumwachia mlango wazi mgeni usiyejua atakuja saa ngapi.

Hata betri ile ya ukubwa wa shilingi ina kazi inayokuja. Alhamisi ya tarehe 7 Februari 2036, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa zetu, hesabu ya sekunde ya NTP, iliyoanza mwaka 1900, itajaa na kuanza upya. Mashine itaweza kuvuka salama ikiwa tayari inajua takriban iko mwaka gani. Ikiamka haijui, haitakuwa na njia ya kutofautisha zama mbili. Kwa hiyo betri zimeingia kwenye orodha yetu ya ukaguzi, na antena, na kiungio chake kilichofungwa sasa kwa utepe wa mpira usiopitisha maji.

Orodha hiyo imebandikwa kwenye mlango wa kabati la seva. Ina safu tatu za saa: ya mdomo, ya ukuta, ya UTC, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja alfajiri. Chini yake kuna mistari ya zoezi la kila robo mwaka: chomoa antena, subiri, andika ngazi unayoiona; chomoa waya wa intaneti, subiri, andika; angalia kama ujumbe wa tahadhari umefika kwa watu wawili; zima, washa, angalia mwaka. Katika zoezi la kwanza ujumbe haukufika kwa mtu yeyote, kwa sababu ulikuwa unatumwa kupitia intaneti ile ile tuliyoichomoa. Sasa unapita kwa SMS.

Zoezi la mwisho lilikuwa Jumamosi. Antena ilitolewa, ngazi ikatoka 1 kwenda 2. Intaneti ikatolewa, seva ikaingia holdava na makadirio ya kosa yakaanza kupanda taratibu kwenye skrini, kama yanavyopaswa. Fundi kijana alizima, akawasha, kisha akanipigia.

"Kaka, sijaandika kitu. Imeamka yenyewe, inasema 07:10 UTC. Kwako?"

"Saa nne na dakika kumi."

Nikamsikia anapitisha kidole kwenye karatasi, safu kwa safu, kabla hajaweka alama.